Jaruba la Ziada si Jaruba la Kutupwa



Dola ya Japani, iliyojitwika kwa sheria ya mwaka 1942 dhima ya kununua mpunga wa wakulima na kuwauzia raia mchele, ilijikuta, ulipowadia mwaka 1970, ina maghala yaliyofurika na hazina iliyoelemewa, kwani ulaji wa mchele, uliofikia takriban kilo 118 kwa kila mtu katika mwaka 1962 na ambao leo umepungua kwa zaidi ya nusu, ulikuwa umeshaanza kushuka. Ndipo ilipoanza kuwapangia wakulima mgawo wa kupunguza mpunga na kuwalipa wasiulime. Uchungu wa amri ile waliujua hususan watu wa Ogata, kijiji kilichoasisiwa mwaka 1964 juu ya ardhi ya ziwa Hachirogata lililokaushwa kwa ajili ya mpunga, ambao hata hawajastakiri vema wakaambiwa wapunguze.

Baadaye wakulima walihimizwa kupanda ngano na soya. Shauri lilikuwa jema, ila jaruba limeumbwa lizuie maji: chini ya tope lake mna tabaka gumu lililoshindiliwa kwa miaka mingi, na soya ikipandwa humo pasipo mifereji ya kutolea maji, mizizi hukosa hewa ikaoza. Mpunga wa kulishia mifugo, kwa upande wake, hutaka maji yale yale na zana zile zile. Jaruba lafaa hata kuzuia mafuriko: katika mkoa wa Niigata wakulima hutia kwenye matoleo ya maji vibao vyenye tundu dogo, ili mvua kubwa ikawie majarubani, isiyavamie makazi yaliyo bondeni.

Rai yetu, basi, ni kwamba matumizi mapya ya jaruba yafaa yapimwe kwa swali moja: je, mpunga ukihitajiwa tena, jaruba litaweza kuupokea? Mgawo wa kupunguza mpunga uliondolewa mwaka 2018, ruzuku za mazao mengine zikabaki. Na katika kiangazi cha 2024 maduka mengi yaliishiwa mchele, hata mwaka uliofuata dola ikalazimika kufungua maghala yake ya akiba. Jaruba lililotelekezwa, likaota miti na kingo zake zikabomoka, halirudi kwa amri ya waziri.

Kwa hiyo twawasihi wenye madaraka: ruzuku ilipwe kwanza kwa mkulima anayetunza kingo, mifereji na maji, liwalo lote zao alilopanda msimu huu.