Ubao Mmoja Watosha Darasani

Zipo shule ambazo hadi leo zangoja mfadhili azinunulie spika za kufundishia stadi ya kusikiliza. Mimi nashikilia kwamba kungoja huko hakuna haja. Wanafunzi wenyewe waweza kuziunda spika hizo, hata wale ambao hawajapata kushika randa.

Kinachowatisha wengi ni kasha. Kasha la spika lataka pembe zilizonyooka na maungio yasiyovuja hewa, kazi ambayo ni ya seremala stadi. Lakini ipo spika isiyohitaji kasha. Twaa plaiwudi ya milimita 18, yenye upana wa sentimita 60 na urefu wa mita moja. Itoboe tundu, ufunge spika ya inchi 6 au 8 iliyotolewa katika redio kuukuu au gari, kisha uitie ubao miguu miwili. Kingo za tundu zikiparuzika si neno, kwani ukingo wa spika utazifunika.

Ubao huo wafanya kazi gani? Koni ya spika inaposukuma hewa ya mbele, huivuta ile ya nyuma. Mawimbi hayo mawili ni kinyume, na yakikutana hufutana. Ubao huyatenganisha. Hata hivyo, sauti ya mitetemo 100 kwa sekunde ina wimbi lenye urefu wa mita 3.4 hivi, nalo huuzunguka ubao mwembamba kama huo bila taabu. Ndiyo sababu besi hupungua.

Mpenzi wa dansi atalalamika, na ana haki. Mwalimu wa lugha, kwa upande wake, hapotezi kitu kikubwa. Simu za waya za jadi zilipitisha mitetemo baina ya 300 na 3,400 tu kwa sekunde, nasi tukaelewana. Aidha, tofauti ya "thamani" na "samani" hutegemea zaidi mitetemo ya juu, ambayo ubao hauidhuru, mradi spika yenyewe isiwe ya besi pekee.

Yapo ya kuzingatiwa. Ubao usimame kama mita moja kutoka ukutani. Mwalimu wa fizikia ahakikishe kwamba spika yalingana na amplifaya, na mwanafunzi asiruhusiwe kufungua chombo kilichounganishwa na stima.

Tangu majaribio ya mtaala wa umilisi yaanze mwaka wa 2017, tumehimizwa kwamba mwanafunzi ajifunze kwa kutenda. Basi na tutende. Mwanafunzi anayenakili maelezo ya mawimbi ubaoni atayasahau baada ya mtihani. Yule aliyekata tundu kwa mkono wake, akasikia sauti ikinenepa pindi spika ilipofungwa kwenye ubao, hatayasahau.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kadhalika, kukosa useremala si sababu ya darasa kukosa sauti.