LibreOffice Ikikataa Kufunguka

Wengi wenu watuuliza juu ya jambo hili. Mtu afungua LibreOffice apate kuandika barua; picha ya kwanza yatokea, kisha yote yatoweka pasipo neno. Ajaribu tena, ni vile vile. Ndipo aitwapo fundi, na fundi mwenye haraka asema: «Tufute kila kitu, tuanze upya.» Msikubali upesi! Katika mashine ile mna orodha za wanafunzi, alama za mtihani na hesabu za karo. Afutaye diski nzima azifuta nazo.

Yafaa kujua kwamba LibreOffice ina sehemu mbili. Moja ni programu yenyewe. Ya pili ni folda iitwayo «user», ambamo programu huandika mazoea ya kila mtu, na kuyasoma kila inapoamka. Umeme ukikatika wakati inapoyaandika, faili moja yaweza kuharibika, na tangu hapo programu huanguka inapojaribu kuisoma. Wengi huiondoa programu na kuiweka nyingine mpya, wakashangaa kuona maradhi yamerudi. Si ajabu, maana kuondoa programu kwa kawaida hakuigusi folda ile.

Basi, kwanza zimeni kompyuta kabisa, mkaiwashe tena. Pengine LibreOffice ya jana ingali imejificha ndani, haijafungwa sawasawa. Isipofaa, tumieni hali ya usalama, iliyoanza na toleo 5.3 la mwaka 2017. Katika Windows ya Kifaransa itafuteni kwa jina la «mode sans échec», karibu na jina la LibreOffice; katika Linux andikeni soffice --safe-mode. Hali hiyo huyaweka mazoea yenu kando kwa muda. Programu ikifunguka hivyo, mmekwisha kujua: yenyewe ni nzima. Dirisha litokealo hutoa njia kadhaa: kurudisha nakala ya mazoea ya zamani, kuzima viongezo, au kuzima msaada wa kadi ya picha. Jaribuni moja moja. Sisi twaishuku sana kadi ya picha, hasa katika kompyuta zilizozeeka.

Isipotosha, fungeni LibreOffice, mwende kwenye folda yenyewe: katika Windows ni %APPDATA%\LibreOffice\4, na katika Linux ni ~/.config/libreoffice/4. (Namba 4 imebaki hata katika matoleo ya baadaye, isiwatie shaka.) Humo mtaikuta «user». Ipeni jina jipya, kwa mfano «user-zamani», kisha fungueni programu. Itajiundia nyingine safi.

Twasema kuibadili jina, wala si kuifuta. Ndani mna kamusi yenu katika «wordbook», na vielelezo vya barua katika «template». Mwalimu aliyeifundisha kamusi yake majina ya darasa zima kwa miaka mitatu hatapenda kuanza tena. Mtavinakili baadaye katika folda mpya, kimoja baada ya kimoja, mkifungua programu kila mara. Ikianguka, mmempata mkosaji.

Na kama yaanguka hata katika hali ya usalama, huenda programu yenyewe ndiyo iliyoharibika. Hapo ndipo iondolewe na kuwekwa upya, lakini nakilini kwanza nyaraka zote katika ufunguo wa USB, na ufunguo huo ukae kwenu, si kwa fundi.