Mkwe Asiyekula Chapati



Tumepata barua ya mama mmoja ambaye kijana wake ameoa Uholanzi. Mkwe huyo alipokuja mara ya kwanza alikataa chapati, mandazi, hata keki ya kumkaribisha. Jumapili mkate wa Meza ya Bwana ulipomfikia, akaupisha. Watu wakanong'ona, na mama akaumia moyoni. Sasa amesikia kwamba mkwe, mwenye miaka 34, aliteleza bafuni akavunjika mkono, na daktari akakuta mifupa yake ni dhaifu kama ya bibi kizee. Ameambiwa ni ugonjwa wa siliaki. Mama anauliza ngano inahusianaje na mifupa, na ampikie nini Krismasi.

Mama mpendwa, hakukudharau. Katika ngano, shayiri na rai kuna protini iitwayo gluteni, ndiyo inayofanya donge la chapati livutike. Kwa mwenye siliaki, askari wa mwili huiona gluteni kama adui, na katika vita hiyo huushambulia utumbo mwembamba wenyewe. Utumbo huo ndani umefunikwa na vinyweleo vidogo mno, kama zulia la manyoya, ambavyo hufyonza chakula. Vikishambuliwa huvimba, kisha husinyaa hadi zulia likabaki kipara. Panapoumia zaidi ni mwanzoni mwa utumbo, na hapo ndipo mwili unapopokea madini ya chuma na kalsiamu. Ndiyo maana wengine hawaharishi kabisa. Wana upungufu wa damu tu, usiosikia vidonge.

Sasa tuje kwenye mifupa. Moyo na misuli vinahitaji kalsiamu kila dakika. Isipopatikana kwenye chakula, tezi ndogo nne zilizo shingoni huamuru ichukuliwe mifupani. Uvimbe nao huchochea chembe zinazobomoa mfupa. Tena vinyweleo vikifa, maziwa humjaza mtu gesi, naye huyaacha, na kalsiamu hupungua zaidi. Mfupa hauumi unapopungua. Mtu huja kujua siku ya kuteleza.

Huko Uholanzi ndiko siri ya ngano ilikothibitishwa. Zamani madaktari waliwalisha watoto hawa ndizi. Sidney Haas wa Marekani aliandika habari hizo mwaka 1924, akidhani ndizi ndiyo dawa. Kumbe nafuu ilitokana na mkate ulioondolewa! Willem-Karel Dicke, daktari wa watoto, alikwisha kuishuku ngano tangu miaka ya 1930. Katika njaa kuu ya vita ya mwaka 1944 hadi 1945 mkate uliadimika, na tukio hilo likamtia nguvu. Mwaka 1950 alitoa tasnifu yake iliyoonyesha kwamba ngano ndiyo inayowadhuru.

Hadi leo tiba ni kuacha gluteni maisha yote, wala si kupunguza. Utumbo hupona polepole na mifupa huanza kujaa, hasa katika mwaka wa kwanza. Watoto hurudi vizuri sana. Watu wazima mara nyingi hawarudishi yote. Kwa hiyo kipande kimoja cha chapati "ili mama mkwe asiudhike" si jambo dogo.

Jiko lako, mama, limebarikiwa. Ugali wa mahindi au muhogo, wali, ndizi, viazi na maharage havina gluteni. Badala ya mandazi mpikie vitumbua vya mchele mtupu. Kwa ajili ya mifupa weka uji wa ulezi, sukuma wiki, na dagaa wanaoliwa na mifupa yao. Mtindi humsumbua kidogo kuliko maziwa mabichi. Mchicha ni mzuri, ila kalsiamu yake hufungwa na asidi iliyomo, usiutegemee peke yake.

Jihadhari na unga wa lishe wa kununua, maana mara nyingi umechanganywa na ngano. Hata unga wa ulezi, uliza mashine ile imesaga nini kabla. Mafuta yaliyokaanga mandazi usiyatumie kwa vitumbua vyake. Ubao wa chapati uweke kando, na mwiko wake uwe mpya.

Kwa wasomaji wengine: tumbo kujaa si lazima iwe siliaki. Huku kwetu sisi wauguzi hukuta zaidi minyoo, amiba, au maziwa yasiyosagika. Ukishuku, usiache ngano kabla ya kupimwa, kwani kipimo cha damu na kile cha kuchukua kinyama cha utumbo huweza kuonyesha huna ugonjwa wakati unao. Wajukuu wako, mama, wapimwe hata kama wananenepa, kwa sababu ugonjwa huu hurithiwa. Katika ndugu wa karibu wa mgonjwa, karibu mmoja kati ya kumi huwa nao.

Halafu nenda kwa mchungaji mapema, kabla ya Krismasi. Mweleze. Kipande cha mkate usio na ngano kikae kwenye kisahani chake chenye kifuniko, mbali na makombo ya ule mwingine, na mkwe wako apokee kwanza kabla mikono haijashika mkate wa ngano.