Kutundika Picha Si Kazi Yote

Wako wadhanio kwamba mpangaji wa maonyesho ya sanaa kazi yake ni kugongomea misumari ukutani. Marehemu Okwui Enwezor, Mnigeria aliyezaliwa Calabar mwaka 1963, hakuwa wa namna hiyo. Alianzia katika ushairi, na mwaka 1994 akaanzisha jarida la sanaa, *Nka*.

Mwaka 2002 aliongoza Documenta ya 11, maonyesho makubwa ya Kassel, Ujerumani. Mwafrika wa kwanza kupewa dhamana hiyo. Wala hakuanza na picha. Alitanguliza mijadala Vienna, Berlin, New Delhi, Saint Lucia na Lagos: kwanza watu waseme, kisha kazi zionyeshwe.

Nami, mtu wa pwani, nilisimama siku moja mbele ya mlango wa nakshi katika jumba la makumbusho. Kibandiko kilinieleza aina ya mti na umri wake. Jina la fundi, hapana. Sisi watunzi hujitaja katika beti za mwisho. Je, fundi seremala naye atajitaja wapi?

Enwezor alifariki Munich mwaka 2019. Wapangaji wetu na waige mwendo wake: waulize kwanza, ndipo watundike.