Wakili Akiingia Siasa, Faili Zetu Zinabaki na Nani?



Uchaguzi wa Agosti 2027 bado, lakini majina yameshaanza kuzunguka Langas, Huruma na hata nje ya misikiti baada ya swala ya Ijumaa. Na jina la wakili likitajwa, sifa huja kwa mpangilio uleule. Ni msomi. Ni Muislamu mwenzetu. Alimtoa kijana wa fulani seli. Ramadhani analeta futari. Kisha unaulizwa, kwani mnataka nini tena?

Tunataka zaidi. Sababu yake tutaieleza kwa mfano wa mtu mnayemjua wote: Hassan Omar Hassan.

Huyu ni wakili wa Mombasa. Kabla ya siasa alipitia MUHURI, shirika la Waislamu la kutetea haki lililoanzishwa Mombasa mwaka 1997. Baadaye akawa kamishna wa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, KNCHR. Mwaka 2013 Mombasa ikampa useneta kwa tiketi ya Wiper. Aligombea ugavana 2017, akashindwa na Joho. Akarudi 2022 kwa tiketi ya UDA, akashindwa na Abdulswamad Nassir. Kutoka hapo akaenda Bunge la Afrika Mashariki, na Agosti 2024 akawa katibu mkuu wa UDA, chama cha Rais Ruto.

Sasa mtu atauliza, mambo ya Mombasa yanatuhusu nini sisi wa Sisibo?

Yanatuhusu kwa sababu ya 2008. Mji huu unakumbuka. Tarehe 1 Januari mwaka ule kanisa la Kiambaa lilichomwa na watu ndani yake, wengi wakiwa akina mama na watoto. Nchi nzima zaidi ya watu 1,100 waliuawa. KNCHR ilituma watu mashinani, ikasikiliza mashahidi, na Agosti 2008 ikatoa ripoti yenye majina ya watu iliotaka wachunguzwe. William Ruto na Uhuru Kenyatta ni kati ya waliotajwa. Wote wawili walikana na wakaenda mahakamani kutaka majina yao yaondolewe. Kesi ya Ruto kule ICC ilisitishwa Aprili 2016 bila yeye kutiwa hatiani. Hayo ni ya rekodi na hatuongezi neno.

Hassan Omar alikuwa kamishna wa tume hiyo, tena mmoja wa waliosema kwa sauti. Wakati huo yeye na Ruto walikuwa wanarushiana maneno hadharani. Leo anakisemea chama cha Ruto.

Hatuandiki haya kumwita msaliti. Kuhama chama si dhambi, na Katiba inampa kila Mkenya uhuru huo. Wako pia wanaosema kwamba Waislamu tumelalamika nje ya mlango kwa miaka mingi, kwa hivyo mtu wetu akiingia ndani tumsukume mbele badala ya kumvuta shati. Hoja hiyo ina uzito. Serikalini ndiko bajeti inakopangwa na vyeo vinakogawanywa.

Lakini angalia kitu kimoja. Wakili akiwa wakili, mteja wake ni wewe. Akiwa kamishna, kiapo chake ni kwa Katiba. Akiwa msemaji wa chama, kazi yake ni kukitetea chama, hata siku ambayo chama kimekosea na wewe ndiye uliyekosewa. Si suala la tabia ya mtu, ni kazi yenyewe imebadilika. Sisi ndio tunasahau kubadilisha matarajio. Bado tunampigia simu saa nane usiku kana kwamba ofisi yake ya zamani iko wazi.

Kwa hivyo swali la kwanza kumuuliza wakili anayetaka kura yako si “utatufanyia nini?” Muulize, “Ukienda, faili zetu unamwachia nani?”

Swali hili si dogo. Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, serikali iliweka MUHURI na Haki Africa kwenye orodha ya washukiwa wa kufadhili ugaidi na akaunti zao zikafungwa. Wafanyakazi wakabaki bila mshahara, na kesi za watu maskini zikabaki njia panda. Hassan Omar alikuwa seneta wakati huo. Lakini kilichofungua zile akaunti ni kesi iliyopelekwa Mahakama Kuu ya Mombasa, ambayo ilisema hakuna ushahidi wa kuwahusisha na ugaidi. Kufika Novemba, zikaamriwa zifunguliwe. Mashirika yale yalikuwa na rekodi, na yalikuwa na watu waliobaki ofisini baada ya wengine kwenda siasani. Jumuiya yenye wakili mmoja shujaa na haina ofisi ingekuwa imekwisha siku hiyo.

Swali la pili: anajua kiti anachokiomba kinafanya nini? Akitaka kuwa MCA halafu akuahidi kwamba kijana wa Kinubi au Kisomali hatasumbuliwa tena kwa kitambulisho, ama polisi hawatamkamata mtu ovyo, hilo hana uwezo nalo. Vitambulisho na polisi ni mambo ya serikali kuu. Kazi ya MCA ni kupitisha bajeti ya kaunti, kutunga sheria za kaunti na kumchunguza gavana.

Na hapo ndipo wakili angefaa sana. Kumbuka mpango wa kaunti yetu wa kupeleka wanafunzi Finland na Kanada. Wazazi waliuza mashamba na ng'ombe, pesa zikawekwa kwenye akaunti, na 2023 wakaishia kuandamana barabarani. Kuna walioshtakiwa, wamekana, na uamuzi ni wa mahakama. Sisi tunauliza tu: mtu anayejua kusoma mkataba angekuwa ameketi kwenye bunge la kaunti na kuuliza mapema “stakabadhi ziko wapi?”, ni familia ngapi zingeokoa shamba lao?

Swali la tatu: amewahi kusimama na mtu asiyempa kura? Uwakili wa kutetea ukoo wako tu ni biashara ya kawaida. Qur'an imetufunza kusimamia uadilifu hata ukituumiza sisi wenyewe na jamaa zetu. Eldoret ni mji wa makabila na dini nyingi, na tumeona 2008 ilivyokuwa kila kundi lilipojali maiti zake peke yake.

Wakati tunasubiri majibu, kuna kazi ambayo haihitaji mheshimiwa. Jua Kifungu cha 49: ukikamatwa lazima ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya mahakama ikiwa muda umeishia wikendi. Ukidhulumiwa, andika tarehe, kituo, nambari ya OB na majina ya walioona. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi rasmi kwenye bunge la kaunti. Vijana kumi wa msikiti mmoja wanaweza kuliandika wikendi hii. Na wewe uliye Annex pale Moi ukisoma sheria, tenga Jumamosi moja kwa mwezi uwasikilize watu wa mtaani kwako.

Tukiwa na kumbukumbu zetu wenyewe, wakili wetu akichaguliwa tutampongeza kwa moyo safi. Na Jumatatu inayofuata tutampelekea faili.