Huyu "Wengineo" ni Nani?



Sifa zote njema zamstahiki Allah (s.w.t.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na sahaba zake. Ama baad.

Mama zangu na dada zangu, wengi wenu mmepita Mwele, bara ya Gazi, bila kujua kwamba mwezi wa Januari 1916 damu ilimwagika huko. Meja Wavell, Mwingereza aliyewahi kuingia Makka kwa kujifanya Mzanzibari, aliuawa akipigana na Wajerumani, akiongoza askari Waarabu aliowaandikisha Mombasa. Alikuwa na nishani ya ushujaa iitwayo Msalaba wa Kijeshi. Kwa kanuni ya wakati ule, nishani hiyo ilikuwa ya maafisa. Askari wa kawaida, hata angefanya ushujaa ule ule, hakuweza kuivaa.

Wa chini walitengewa nishani zao. Mojawapo ilianzishwa Machi 1916, miezi miwili baada ya Mwele. Askari Mwafrika wa Keya naye akawa na aina yake, mbali na ya Mzungu wa cheo kile kile. Risasi haikuuliza cheo, lakini nishani iliuliza. Uingereza haikuondoa tofauti hiyo baina ya maafisa na askari wa kawaida mpaka mwaka 1993.

Dini yetu ilitangulia. Baada ya vita vya Badr, mwaka wa 2 Hijria, masahaba walikhitilafiana juu ya ngawira. Vijana waliosonga mbele walidai ni yao. Wazee waliobaki kwenye bendera wakasema wao ndio waliokuwa ngome ya vijana hao. Ikateremka Suratul Anfal, na Mtume (s.a.w.) akaigawa kwa usawa. Ni kweli kwamba katika vita mpanda farasi alipewa mafungu zaidi ya mtembea kwa miguu. Lakini ziada ile ilikuwa kwa ajili ya farasi na gharama yake, si kwa ajili ya ukoo wala ukubwa.

Sayyidna Uthman (r.a.) hakuhudhuria Badr kabisa. Alibaki Madina kwa amri ya Mtume, akimuuguza mkewe Ruqayya. Hata hivyo alipewa fungu na akaahidiwa ujira wa aliyehudhuria. Zingatieni, enyi mnaouguza majumbani: kukaa kando ya kitanda cha mgonjwa kulihesabiwa sawa na kusimama katika safu ya Badr. Na Ummu Atiyya (r.a.) alitoka na Mtume katika vita saba, akiwapikia wapiganaji, akiwalindia mizigo na kuwatibu majeruhi. Khabari yake imehifadhiwa kwa jina lake katika Sahihi Muslim.

Sasa nakiri kosa langu. Madrasa yetu ilipofunga mwaka, nilisimama na orodha ya shukrani. Nikaanza na mheshimiwa aliyeleta magunia mawili ya mchele, kisha wanakamati, kisha walimu. Akina mama sita waliokesha wakipika mchele ule nikawakusanya katika neno moja: "na wengineo." Usiku, mke wangu, aliyekuwa mmoja wa wale sita, akaniuliza kwa upole, "Maalim, huyu Wengineo ni nani?" Sikuwa na jawabu.

Uadilifu si kuwapa watu wote sawasawa. Aliyezidisha amali na azidishiwe. Lakini apimwe kwa amali yake, asipimwe kwa kiti alichokalia. Ndani ya nyumba pia, mtoto anayeteka maji kila alfajiri asisahauliwe kwa kuwa nduguye ameleta cheti kizuri. Moyo unaopuuzwa hujifunza kuacha wema, na dhambi hiyo tutaulizwa sisi tuliopuuza.

Mwaka huu orodha ya shukrani ataiandika mke wangu. Mimi nitaisoma kama ilivyo, jina kwa jina.

Wabillahi tawfiq.