MASTAA, HUO MKUKI WA KWENYE VIDEO UNA FUNDI WAKE!

Ukifika msimu wa kupiga picha za "asili yetu", stori huwa ni ile ile. Staa anajitupia shuka jekundu, anashika mkuki, anaangalia pembeni kama vile hajui kuna kamera, halafu maposti yanaanza kumiminika. Mpiga picha anatajwa. Wa mekapu anatajwa. Aliyemsuka nywele anatajwa. Hata mwenye gari lililowapeleka porini naye anatajwa. Aliyefua mkuki? Kimya!

Sasa wadau, hapa ndipo watu wengi wa mjini wanapopigwa chenga. Mkuki unaoitwa wa Kimasai siyo lazima uwe umefuliwa na Mmasai. Kwa mila za Wamasai uhunzi ni kazi ya koo maalumu, na tangu zamani wamekuwa wakinunua pia mikuki kwa wahunzi wa Kichaga. Pale Mamba, jirani na Marangu mkoani Kilimanjaro, bado kuna wahunzi wanaofua mikuki na visu. Moto wa mkaa unapulizwa kwa mivukuto ya ngozi ya mbuzi. Chuma kikishakuwa chekundu kinashikwa kwa koleo, kinawekwa juu ya fuawe, kinapigwa nyundo mpaka kitii. Na chuma chenyewe hakitoki mbali: ni chuma chakavu, zikiwemo springi za magari yaliyokufa.

Wapo wanaosema hayo ni mambo ya kizamani. Ni ya zamani kweli, tena zamani ya heshima. Huko Kagera, Wahaya na waliowatangulia waliyeyusha chuma kuanzia miaka kama 2,000 iliyopita. Mabaki ya matanuri yalichimbuliwa Katuruka, na mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery wakauandikia ufundi huo kwenye jarida la Science. Walieleza kwamba mirija ya udongo iliingizwa hadi ndani ya tanuri, ili hewa ipate moto kabla haijaufikia mkaa. Hiyo ni akili ya hapa hapa, haikuletwa na meli.

Ila kuna kipande kinachouma. Watafiti walipotaka kuona kazi hiyo kwa macho miaka ya 1970, ilibidi wazee walioifanya ujanani wakae chini wakumbuke. Hakukuwa na tanuri linalowaka. Chuma cha bei rahisi kutoka nje kilishaizima kazi ya kuyeyusha, ikabaki ya kufua tu. Yaani nusu ya ujuzi ilishakwenda, na nusu iliyobaki iko mikononi mwa watu wachache ambao watoto wao wako TikTok kama wewe.

Kuna watakaosema staa siyo makumbusho, video ni video. Sawa, hakuna anayemdai somo la historia. Anadaiwa mstari mmoja tu: mkuki huu umefuliwa mahali fulani, na fundi fulani. Hana akaunti? Taja kijiji. Na siku ya kununua, siyo kumkaba mhunzi ashushe bei ya kitu alichokitolea jasho, wakati viatu vya shughuli hiyo hiyo vimelipiwa bila hata kuuliza.

Maana kijana wa pale kijijini anapiga hesabu kama kijana yeyote. Akiona nyundo inaleta hela na jina, ataishika. Akiona baba yake anapigwa picha na hatajwi, atakwenda kuendesha bodaboda, na hakuna wa kumlaumu. Siku mivukuto ikinyamaza, mikuki ya video itakuwa ya plastiki kutoka kiwandani, halafu watu bado wataandika chini yake "asili yetu".

Wewe mdau unaonaje, fundi atajwe au yatosha kulipwa? Tiririka hapo chini.